Mbwa wangu amemng'ata mleta gesi: nimpeleke kambini akafunzwe?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa dume wa miaka miwili na nusu, chotara wa German Shepherd, anaitwa Simba. Tunaishi Tegeta, Dar es Salaam. Mchana anakaa bandani, usiku tunamfungulia. Tangu mwaka jana amekuwa mkali kupita kiasi. Mgeni akigonga geti anabweka mpaka mate yanamtoka, na ukimsogelea anapokula ananguruma, hata kwangu mimi ninayempa chakula. Wiki tatu zilizopita alimng'ata kijana aliyeleta mtungi wa gesi, matundu mawili madogo kwenye shavu la mguu. Tulimpaka spiriti akaenda zake. Chanjo ya kichaa alichomwa akiwa mdogo, sikumbuki kama tulirudia. Nina watoto wa miaka minne na saba. Nimepata mwalimu wa mbwa anayetaka kumchukua kambini kwake mwezi mmoja, anasema atamrudisha amenyooka, na hela yote anaitaka mwanzoni. Mume wangu anasema tumpeleke shamba yaishe. Nifanyeje?

Jibu: Dada, hiyo hela usiitoe kwanza. Simba anahitaji mwalimu, tena haraka, ila anayemfaa ni yule atakayekuja nyumbani kwako na kuwafundisha ninyi: wewe, mumeo, dada wa kazi, na mlinzi kama yupo. Ukali wake umejengeka kwenye geti hilo na bakuli hilo, mbele ya watu wa nyumba hiyo. Ukimpeleka kambini mwezi mzima atajifunza kumtii mtu wa kambini, halafu atarudi akute geti lilelile na watu walewale ambao hawajajifunza kitu.

Nianze na kijana wa gesi, maana hilo halingojei mwalimu. Spiriti peke yake haitoshi. Jeraha la mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata likiwa mkwaruzo tu, kisha aliyeng'atwa anaenda kituo cha afya siku hiyohiyo ili wamwangalie kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huishia kifo, kwa hiyo hakuna kusubiri kuona kama kidonda kitavimba. Mbwa naye hauawi wala hafukuzwi. Anafungiwa na kuangaliwa siku 10, kwa sababu mbwa mwenye virusi kwenye mate siku aliyong'ata huugua na kufa ndani ya muda huo. Simba bado anakula na kubweka wiki tatu baadaye, kwa hiyo siku ile mate yake hayakuwa na kichaa. Hata hivyo mtafute kijana huyo, mjulie hali, na umuulize kuhusu pepopunda. Simba mwenyewe achanjwe wiki hii, na kadi yake uitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto. Chanjo ya utotoni peke yake haimlindi mbwa maisha yote. Huku kwetu hurudiwa kila mwaka.

Kuanzia leo geti liwe na utaratibu mmoja usiovunjwa. Mtu akigonga, Simba anaingizwa bandani, komeo linafungwa, aliyefunga anasema kwa sauti "amefungwa", ndipo geti linafunguliwa. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, na watoto hawafungui geti kabisa. Kama banda liko mbali na geti, weka uzio wa ndani wa wavu wenye kimo cha mtu, ili akiponyoka mlango mmoja akutane na mwingine. Chakula ale ndani ya banda lililofungwa, watoto wakiwa ndani ya nyumba, na bakuli litolewe yeye akishatoka. Utaratibu huu haumfundishi Simba lolote. Unamnyima tu nafasi ya kuendelea kujizoeza kung'ata, na bila huo kila somo utakalolipia litabomolewa na mgeni anayefuata. Kumfunga mnyororo karibu na geti ni kosa kubwa. Anaona watu, hawezi kuwafikia wala kuwakimbia, na kila siku anazidi kuchacha.

Baada ya hapo, anayetangulia ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, mwalimu anafuata. Maumivu hugeuza mbwa mpole kuwa mkali, na mbwa hasemi panapouma. Kwa German Shepherd na chotara wake omba nyonga ziangaliwe, kwani aina hii ina urithi wa ubovu wa nyonga. Omba pia masikio, meno na ngozi viangaliwe, na damu ipimwe magonjwa ya kupe, ambayo pwani hii hayaishi. Mweleze ukali ulianza lini na kama ulikuja ghafla, kwa sababu mabadiliko ya ghafla kwa mbwa mzima mara nyingi yana ugonjwa nyuma yake. Daktari akishuku maumivu anaweza kumpa dawa ya maumivu ya mbwa kwa majaribio, mkaona kama tabia inabadilika. Usimpe ya kwenu nyumbani: ibuprofeni na diklofenaki zinachimba tumbo la mbwa na kuharibu figo. Utaambiwa pia umhasi. Kuhasi kuna faida zake, hasa kwa dume anayetoroka kufuata majike, lakini hakutibu woga, na wapo mbwa waoga wanaozidi baada ya kuhasiwa. Usilifanye tegemeo lako.

Nimetaja woga kwa makusudi, kwa sababu maelezo yako yote yananielekeza huko. Msimamie siku moja, mtu akigonga, ukiwa nyuma ya dirisha. Usiangalie mdomo unaobweka, angalia mwili. Uzito uko miguu ya nyuma? Masikio yamelala? Anaruka mbele kisha anarudi nyuma, mbele kisha nyuma? Analamba pua, weupe wa macho unaonekana? Huyo ni mbwa anayemwambia mtu aondoke. Na mtu anaondoka! Mleta maji anashusha dumu anaenda, bodaboda anapokea hela anaenda, na kila mara Simba anahesabu kwamba kubweka kwake ndiko kumemwondoa. Ushindi wa namna hiyo umemfundisha kuliko mwalimu yeyote. Siku ya gesi huenda kijana hakuondoka haraka kama wengine, kwa hiyo Simba akapanda ngazi moja.

Mzizi wake huwa utotoni. Kazi ya watafiti John Paul Scott na John Fuller kule Bar Harbor, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1965, ilionyesha kwamba kuna dirisha fupi, kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14, ambamo mtoto wa mbwa anajifunza viumbe gani ni wa kawaida duniani. Sisi mtoto wa mbwa tunamnunua akiwa na wiki sita hadi nane na kumfungia bandani ili "asizoee watu, awe mkali". Anatoka humo akiwa na woga wa kila asiyemjua. Mlinzi mzuri ni mbwa anayebweka, anayesikia ukimwambia basi, na anayejua kumtofautisha mtoto wa jirani na mwizi. Mbwa mwoga hana utofautishaji huo.

Sasa tumtafute mwalimu. Ualimu wa mbwa, karibu kote duniani, hauna baraza wala leseni kama udaktari wa mifugo. Anayeandika bango leo ameshakuwa mwalimu. Wengi wa walimu wetu wametoka polisi, jeshini au kwenye kampuni za ulinzi, na wapo wenye mikono mizuri sana kwa utii, kunusa na kushambulia. Kumtoa mbwa woga ni kazi nyingine. Muulize wazi amewahi kusimamia mbwa wangapi waliong'ata mtu wa nje, na ikiwezekana akuunganishe na wenyewe wawili uzungumze nao. Muulize mbwa akipatia anapewa nini, na akikosea anafanywa nini, kisha nyamaza umsikilize. Ukisikia nyama, umbali, kupunguza kichocheo, kuanza upya kwa hatua rahisi zaidi, endelea naye. Ukisikia kumning'iniza kwa kamba, kumlaza chali mpaka anyamaze, kola ya miiba, kola ya umeme au kumshindisha njaa siku mbili, agana naye. Agana pia na anayetoa dhamana ya asilimia mia, anayekataa usimame pembeni ukitazama, na anayekuuzia vidonge ilhali si daktari.

Mwalimu mwingine atakuambia Simba anataka ukubwa, lazima aoneshwe nani kiongozi wa kundi. Wazo hilo lilitokana na mbwa mwitu wa Ulaya (wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja bila udugu, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliwaandika mwaka 1947. Mtafiti mwingine, David Mech, aliyelieneza sana baadaye, alikuja kulisahihisha mwaka 1999 baada ya kuwaangalia porini: kundi lao ni baba, mama na watoto wao. Simba hagombei uongozi wa nyumba yako. Na ukimpiga kwa kunguruma, unachokipata ni mbwa asiyenguruma, anayeng'ata bila kutoa taarifa. Kunguruma ni onyo, na kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka minne ninalitaka onyo hilo libaki palepale. AVSAB, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulika na tabia za wanyama, kiliweka msimamo wake mwaka 2021: mbwa wafunzwe kwa zawadi, na hilo linahusu hata mbwa wakali.

Je, kambi haina kazi? Inayo, kama mbwa ni wa kampuni ya ulinzi na askari wake anakaa naye huko anafunzwa pamoja naye. Mbwa wa nyumbani mwenye woga akitiwa kwenye banda geni, katikati ya mbwa ishirini wanaobweka, mara nyingi huzima. Anakula kwa shida, hatazami mtu, anakaa ukimwambia kaa. Kwa macho ya haraka amenyooka. Akifika nyumbani siku chache, akaona yuko kwake, anarudi alikokuwa, na wewe huna namna ya kujua alifanyiwa nini katikati. Ongeza hatari ya kupe, na ya magonjwa ya kuambukiza ya parvo na distempa, kwa mbwa ambaye chanjo zake hazijakaa sawa.

Mwalimu anayejua kazi, siku ya kwanza hatamgusa Simba kabisa. Atakaa nawe saa moja na nusu au zaidi akiuliza: anakula nini na mara ngapi, analala wapi, nani anampiga, aliwahi kufanya nini nani akiwepo. Atauliza meno yaliingia kiasi gani. Ian Dunbar, daktari wa mifugo, ameweka ngazi sita za kung'ata zinazotumika sana. Ya kwanza meno hayagusi ngozi, ya pili yanagusa bila kutoboa, ya tatu ni tundu moja hadi manne kwa ng'ato moja, kina kisichozidi nusu ya chonge la mbwa, lile jino lake refu. Ya nne ni kina zaidi ya hapo, ya tano ni ng'ato nyingi nzito, ya sita ni kifo. Kwa ulivyoeleza, Simba yuko ngazi ya tatu. Inarekebishika, lakini kwa uangalifu. Mwandalie mwalimu video fupi za Simba akila, akipumzika, akisikia geti kwa mbali, zilizopigwa dirishani. Usimchokoze ili upate video ya kung'ata.

Ratiba yenyewe itakuwa na sura hii. Wiki mbili za kwanza hazina mgeni. Simba anazoeshwa kifunga mdomo cha kikapu, cha plastiki au waya, ambacho ndani yake anaweza kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo kisitumike kwenye joto la Dar, kwani mbwa anapoza mwili kwa kuhema. Unaweka kipande cha maini ndani ya kikapu, unakishika tu, anaingiza pua mwenyewe, anakula, anatoka. Usikifuate kichwa chake nacho. Ukiona anakikimbilia kikapu mara anapokiona, ndipo unafunga mkanda kwa sekunde mbili, kisha tano, kisha kumi. Wanaokosea hapa hukifunga siku ya kwanza kwa nguvu, na kuanzia hapo kikapu kinakuwa adui mwingine.

Halafu umbali. Tafuteni uwanja tulivu, si getini, maana getini ndiko kugumu kuliko kote. Simba avae mkanda wa kifuani na kamba ya mita mbili, na kikapu chake. Firigisi au maini yaliyochemshwa yakatwe vipande vidogo kama punje ya mahindi, na yapunguzwe kwenye mlo wake wa siku. Msaidizi asiyejulikana na Simba atokee nyuma ya ukuta umbali wa mita 25 hadi 30, atembee kawaida, asimkodolee macho. Mpangilio wa hapa ndio moyo wa kazi yote: mtu anatokea kwanza, Simba anamwona, kisha nyama inaanza kutoka kipande baada ya kipande. Mtu anapotea, nyama inakoma. Ukianza kutoa nyama kabla mtu hajatokea, Simba atajifunza kwamba nyama ndiyo dalili ya mtu anayekuja, na ataanza kuiogopa nyama. Rudieni mara 8 hadi 10, dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku. Siku atakapomwona mtu halafu akageuka mwenyewe kuutazama mkono wako, sogeeni mita mbili. Akibweka au akikataa kula, mmesogea mno. Rudini nyuma bila kumkemea.

Getini mnafika mwisho, tena kwa vipande. Rekodi kwa simu mlio wa kengele au wa geti likigongwa, upige kwa sauti ndogo sana huku nyama ikifuata, ukiongeza sauti siku hadi siku. Mfundishe kwenda kwenye mkeka wake ulio mbali na geti na kulala hapo. Baadaye mlio wa geti wenyewe unakuwa amri ya kwenda mkekani. Hata akifika huko, mgeni asimshike kichwa, na utaratibu wa banda usiuache.

Bakuli lina dawa yake. Kwanza mpe milo miwili kwa siku badala ya mmoja, njaa iishe makali. Kisha pita umbali wa mita tatu, mrushie kipande kizuri kuliko kilichomo bakulini, uondoke. Usisimame, usimguse, usilichukue bakuli "kumzoesha". Kumnyang'anya bakuli ndiko kunakozalisha tatizo hili kwenye nyumba nyingi. Akiacha kula na kukakamaa shingo ulipofika, umbali huo ni mdogo mno kwake kwa sasa. Watoto hawamo kwenye zoezi hili, leo wala baada ya miezi sita.

Hesabu miezi mitatu hadi sita ya kazi ya kila siku. Yanayovunja ratiba nimeyaona ni yaleyale: baba anatoa nyama asubuhi na mlinzi anatoa fimbo usiku; ndugu aliyekuja likizo anamchokoza kwa kucheka; somo linarukwa wiki nzima kisha linafanywa saa mbili mfululizo siku ya Jumapili. Kila anayekaa ndani ya uzio huo ahudhurie somo la kwanza, na mpango uandikwe ubandikwe jikoni.

Ikiwa baada ya wiki sita Simba bado hawezi kula hata mtu akiwa mbali sana, mrudishe kwa daktari mzungumzie dawa. Fluoksetini hutumika kwa mbwa wenye wasiwasi mkubwa, na huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi yake. Inamsaidia ajifunze, haimfundishi. Sindano ya usingizi ya kumtuliza wageni wakija ikatae. Aina inayotumika sana, asepromazini, inalegeza mwili huku woga ukibaki ndani. Na kama karibu nawe hamna mwalimu wa kiwango hiki, mtaalamu wa tabia anaweza kukuongoza kwa simu ya video akiwa Nairobi au Afrika Kusini. Kwa kazi hii inawezekana, kwa kuwa mikono inayofanya ni yako.

Kuhusu shamba: mwambie shemeji kwamba shambani nako kuna watoto na wapita njia, na wao hawatajua historia ya Simba. Kumhamisha bila kusema aliwahi kung'ata ni kumtegea mtu mwingine. Iwapo atang'ata tena kwa kina zaidi, au akamwelekea mmoja wa watoto, kaeni na daktari mzungumze kwa uwazi, pamoja na kumlaza usingizi wa moja kwa moja. Uzito wa watoto wako ni mkubwa kuliko wa mbwa, nami nampenda mbwa.

Yule mwalimu wa kambini mpigie leo. Mwambie hutamtoa Simba nyumbani, unataka aje Jumamosi, afundishe mbele yako, alipwe somo kwa somo. Akikubali, mpe somo moja, na muda wote macho yako yawe kwa Simba. Kama anakula mbele yake na mwili unalegea, mwite tena. Kama amejikunyata, amebana mkia na kulamba pua muda wote, mlipe somo hilo, mshukuru, mfungulie geti.